Mrushaji Mkongwe Aliyeyumba: Hatua za Kuamua Kama Timu ya Besiboli Imchukue

Ifikapo wiki ya mwisho ya Julai, timu nyingi za ligi kuu ya besiboli ya Marekani hujikuta katika hali moja. Nafasi ya kuingia hatua ya mtoano ipo, lakini haijashikika. Warushaji wawili wa kutegemewa, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, wamo kwenye orodha ya majeruhi. Na katika timu iliyokwisha kukata tamaa ya msimu yuko mkongwe wa miaka 36 au 37, mwenye jina kubwa, ambaye mwaka huu anapigwa karibu kila anapopanda kilimani kurusha. Bei yake inaonekana ndogo. Je, achukuliwe?

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kulijibu swali hilo kwa akili yake mwenyewe, kabla hajasikia kelele za wachambuzi. Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue ninakokupeleka: jina la mrushaji si sababu ya kumchukua, na takwimu zake mbaya si sababu ya kumkataa. Kinachotafutwa ni chanzo cha kuyumba kwake, kisha kujua kama timu inayomtaka ina dawa ya chanzo hicho hasa. Kama haina, hata akitolewa karibu bure ni hasara.

Kwa aliyezoea dirisha dogo la usajili katika soka, kuna tofauti moja ya kushika kichwani. Katika besiboli klabu hainunui mchezaji kwa ada ya uhamisho kama tunavyoijua. Hutoa wachezaji wake, mara nyingi chipukizi walioko ligi ndogo, na kupokea mchezaji pamoja na mkataba wake kama ulivyo. Fedha huingia pale timu inayomtoa inapokubali kubeba sehemu ya mshahara wake.

Hatua ya kwanza: hesabu unachokinunua

Msimu una michezo 162, na timu huwa na warushaji wa kuanza watano, yaani wanaofungua mchezo, wanaopokezana zamu. Anayechukuliwa mwishoni mwa Julai hubakiwa na michezo kama 11 tu ya kuanza. Jon Lester alipohamia St. Louis Cardinals mwaka 2021 alianza michezo 12, naye J.A. Happ, aliyekuja siku ileile kutoka Minnesota, alianza 11. Lance Lynn alipokwenda Los Angeles Dodgers mwaka 2023 alianza 11. Na Doyle Alexander, aliyechukuliwa na Detroit Tigers Agosti 1987, naye alianza 11. Hicho ndicho kipimo cha bidhaa yenyewe.

Mchezo mmoja una awamu tisa, na mrushaji wa kuanza kwa kawaida hafiki mwisho; michezo 11 kwake ni awamu 60 hivi za kurusha. Sasa usimlinganishe mkongwe huyo na nyota wa ligi. Mlinganishe na kijana ambaye angerusha badala yake. Tuseme kijana angeruhusu wastani wa pointi 5.50 kwa kila awamu tisa, na mkongwe, akirudi katika hali yake, angeruhusu 4.50. Tofauti hiyo ya pointi moja, kwa awamu 60, ni pointi sita au saba zilizookolewa. Wachambuzi wa mchezo huu hukadiria kwamba pointi kumi ni sawa na ushindi mmoja. Kwa hiyo hata mabadilishano yanayofanikiwa vizuri huleta pungufu ya ushindi mmoja kabla ya Oktoba.

Ushindi mmoja si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 2021 Toronto Blue Jays walishinda michezo 91 na kubaki nyumbani, huku Boston na New York Yankees wakiingia mtoano kwa kushinda 92. Hata hivyo, hesabu hii inakulinda dhidi ya kosa la kulipa bei ya mwokozi kwa mtu anayekuja kuziba pengo. Ifanye kwanza, kabla hujasoma jambo lolote kuhusu mrushaji mwenyewe.

Hatua ya pili: tenganisha mkono na bahati

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Takwimu inayotajwa kila mahali ni wastani wa pointi: pointi alizoruhusu mrushaji, zisizotokana na makosa ya walinzi, kwa kila awamu tisa. Chini ya 3.00 ni bora sana, karibu na 4.00 ni kawaida, juu ya 5.00 ni balaa. Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba kinachanganya kazi ya watu wengi. Mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, mrushaji hana tena amri nao. Unaweza kuangukia kwenye glavu ya mlinzi mwepesi au ukapita pembeni ya mlinzi mzito. Kwa ligi nzima, katika kila mipira 100 inayopigwa na kubaki uwanjani, kama 30 huwa salama kwa mpigaji. Mrushaji ambaye kwake 35 zinakuwa salama, bila kupigwa kwa nguvu zaidi ya wenzake, huenda anaonewa na bahati au na walinzi walioko nyuma yake.

Kwa sababu hiyo, geukia mambo matatu ambayo walinzi hawayagusi: wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu (mipira mitatu waliyoshindwa kuipiga vizuri), wapigaji aliowapa besi ya bure (kituo cha kwanza, kwa kuwa alikosa shabaha mara nne), na mapigo yaliyovuka ukuta, ambayo ni pointi moja kwa moja. Ipo kanuni rahisi unayoweza kuifanya kwa kalamu. Zidisha mapigo yaliyovuka ukuta kwa 13. Jumlisha waliopewa besi ya bure au waliogongwa na mpira, mara 3. Toa waliotolewa kwa straiki, mara 2. Gawanya kwa awamu alizorusha. Kisha ongeza 3.1 hivi ili matokeo yafanane na wastani wa kawaida. Chukua mrushaji wa mfano mwenye awamu 110, mapigo 14 ya kuvuka ukuta, wapigaji 30 wa besi ya bure na kugongwa, na 105 waliotolewa kwa straiki. Unapata 182 kujumlisha 90 kutoa 210, yaani 62; gawanya kwa 110 upate 0.56, ongeza 3.1 upate 3.66. Ikiwa wastani wake ulioandikwa gazetini ni 5.40, pengo hilo linakuambia kwamba mkono wake bado una kazi. Ikiwa hesabu yako inakuja 5.30, gazeti limesema kweli.

Usiishie hapo, kwa maana kanuni huonyesha yaliyopita, nawe unataka ya Septemba. Tazama kasi ya mpira wake wa moja kwa moja mwaka huu na miaka miwili iliyopita. Tangu mwaka 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kila mpira unaorushwa, na vipimo hivyo vimewekwa wazi kwenye tovuti ya Baseball Savant bila malipo. Kutoka kilimani hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Kilomita tatu au nne zikipungua, mpigaji aliyekuwa akichelewa anaanza kuwahi. Mkongwe anaweza kuishi na kasi ndogo, na wengi wameishi, lakini ni lazima awe amekwisha kubadilisha namna yake ya kurusha. Asiwe bado anatumia akili ya miaka 28 kwa mkono wa miaka 37.

Kisha tafuta video za michezo yake mitatu ya karibuni na uangalie kitu kimoja tu: glavu ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Usimtazame mpigaji, usitazame ubao wa matokeo. Mdakaji huchuchumaa na kuiweka glavu mahali anapotaka mpira, tuseme usawa wa goti, pembe ya nje. Mpira unapokuja, je, glavu inabaki palepale, inasogea kidogo, au inavutwa hadi katikati, usawa wa mkanda? Mrushaji mwenye bahati mbaya huiacha glavu ikiwa imetulia, na mpigaji anajipatia kipigo dhaifu kinachoangukia mahali patupu. Mrushaji aliyekwisha humlazimisha mdakaji kuvuka na mkono mwili mzima. Linganisha pia awamu ya kwanza na ya tano. Kama glavu imetulia hadi awamu ya tatu kisha ikaanza kutangatanga, tatizo ni pumzi na wingi wa kazi, na hilo linaweza kutibiwa kwa kumtoa mapema. Saa moja ya kutazama hivi imenifundisha zaidi kuliko makala nyingi nilizowahi kusoma kuhusu warushaji.

Hatua ya tatu: linganisha chanzo na ulichonacho

Tuchukue Cardinals wa 2021, kwa sababu hesabu yao ilikuwa wazi. Jack Flaherty na Miles Mikolas walikuwa wameumia, na waliobaki walikuwa wakitoa besi za bure kupita kiasi. Tarehe 30 Julai timu hiyo ilimchukua Lester, mwenye miaka 37 na wastani wa 5.02 akiwa Washington, na Happ, mwenye miaka 38 na wastani wa kutisha wa 6.77. Mashabiki wengi walikasirika, na kwa kutazama takwimu hizo walikuwa na haki. Lakini wote wawili walikuwa wa mkono wa kushoto wasiotegemea tena kuwatoa wapigaji kwa straiki. Waliacha mpira upigwe, na matokeo yao yalitegemea nani yuko nyuma yao. Nyuma yao St. Louis iliwaweka Nolan Arenado, Paul Goldschmidt, Tommy Edman, Tyler O'Neill na Harrison Bader, ambao wote watano walitwaa tuzo ya Gold Glove ya ulinzi bora msimu uleule. Lester alimaliza kwa wastani wa 4.36 na Happ 4.00. Timu ilishinda michezo 17 mfululizo Septemba na kuingia mtoano. Wazee wale hawakuwa wameota mkono mpya. Walikuwa wamehamishiwa mahali ambapo mpira uliopigwa chini ulidakwa.

Dawa ya aina ya pili ni mafunzo. Justin Verlander alipotoka Detroit kwenda Houston Astros, mabadilishano yaliyokamilishwa muda mfupi sana kabla ya saa sita usiku wa 31 Agosti 2017, alikuwa na miaka 34 na wastani wa 3.82. Huo si wastani mbaya, lakini alikuwa ametoka katika miezi ya kusuasua. Houston ilikuwa na kamera za kasi kubwa zinazoonyesha vidole vinavyouachia mpira, na kwa picha hizo aliurekebisha mpira wake wa kuchepuka. Katika michezo mitano ya kwanza alishinda yote mitano kwa wastani wa 1.06. Miezi michache baadaye Houston ilimchukua Gerrit Cole, ambaye hakuwa mkongwe, ikamwelekeza kupunguza mpira wa kuzama na kurusha zaidi mpira wa kasi wa juu. Wastani wake ukashuka kutoka 4.26 hadi 2.88. Ni kweli kwamba ubingwa wa Houston wa 2017 ulitiwa doa na udanganyifu wa kuiba ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji, nami sipendi kuupitia kimya. Udanganyifu ule, hata hivyo, ulikuwa wa upande wa wapigaji.

Dawa ya tatu ni uwanja. Mrushaji ambaye mipira yake hupigwa juu anateseka kwenye uwanja wenye ukuta wa karibu, au Denver ambako hewa ni nyepesi, na anaweza kupona kwenye uwanja mpana wenye hewa nzito ya pwani.

Andika basi kwenye karatasi sentensi moja: "Anayumba kwa sababu ya hili, nasi tuna hili." Ukishindwa kuijaza sehemu ya pili, acha. Timu yenye walinzi wa kawaida, uwanja mdogo, na makocha wasio na rekodi ya kumrekebisha mtu, haina sababu ya kuamini kwamba jezi mpya itafanya kazi.

Hatua ya nne: soma mwili wake

Majeraha hayafanani, na orodha ndefu ya majeruhi inaweza kudanganya pande zote mbili. Chris Sale alipotolewa na Boston kwenda Atlanta Braves tarehe 30 Desemba 2023, wengi walimwona amekwisha. Ukizisoma siku alizokosa moja baada ya nyingine, unaona kwamba mwaka 2022 alivunjika kidole kwa mpira uliopigwa ukarudi kwake, kisha akavunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka na baiskeli. Hizo ni ajali. Hazisemi lolote kuhusu kiwiko wala bega. Mwaka 2024 alishinda michezo 18, akapoteza 3, kwa wastani wa 2.38, na kutwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Lakini mgongo ulimbana mwishoni mwa Septemba, na katika mtoano hakurusha hata mpira mmoja. Yote mawili ni kweli kwa mtu yuleyule, na anayefanya uamuzi hana budi kuyabeba yote mawili.

Verlander naye alifanyiwa upasuaji wa misuli ya kiunoni Januari 2014, na mwaka huo wastani wake ulifika 4.54. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa bora wa ligi. Kilichochoka kilikuwa nguzo ya mwili, na nguzo hiyo ilipona. Maumivu ya kiwiko au ya ndani ya bega yanayojirudia kwa mtu wa miaka 36 ni habari nyingine. Kano ya kiwiko hurekebishwa kwa upasuaji uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John, lakini uponaji wake huchukua zaidi ya mwaka mmoja, na wewe una miezi miwili.

Hatua ya tano: mkataba

Hapa mambo ni machache. Uliza mshahara uliobaki ni kiasi gani, mkataba unaisha lini, na timu inayomtoa itachangia nini. Detroit ilichangia dola milioni 8 kwa mwaka katika mshahara wa Verlander wa 2018 na 2019, na Boston ilitoa dola milioni 17 kwa Sale. Uliza kama mshahara huo utaivusha timu yako kiwango cha jumla ya mishahara kinachotozwa kodi na ligi, kilichokuwa dola milioni 241 mwaka 2025, kwa kuwa anayekivuka hulipa asilimia 20 ya kilichozidi, na zaidi akirudia mwaka unaofuata. Usisahau ridhaa yake mwenyewe: mchezaji aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu ileile, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Mkongwe asiyetaka kuja usimbembeleze.

Hatua ya sita: bei

Alexander ndiye mfano wangu wa siku zote. Alikuwa na miaka 36, ameshinda 5 na kupoteza 10 akiwa Atlanta. Detroit walimchukua, naye akashinda michezo tisa bila kupoteza hata mmoja, kwa wastani wa 1.53. Detroit walitwaa ubingwa wa kanda yao kwa tofauti ya michezo miwili mbele ya Toronto. Bila yeye wasingeupata. Walichotoa ni kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Michigan, ambaye katika ligi ndogo alikuwa ameshinda 4 na kupoteza 10: John Smoltz. Kijana huyo alitwaa Cy Young ya 1996, akafikisha ushindi 213, na mwaka 2015 akaingia kwenye jumba la heshima la besiboli. Alexander alipoteza michezo yake yote miwili ya mtoano wa 1987.

Sisemi Detroit walikosea. Ubingwa wa kanda ni kitu halisi, na watu waliuona kwa macho yao. Nasema kwamba hata chipukizi mwenye takwimu mbaya astahili kupimwa kwa hatua ya pili ileile uliyompimia mkongwe. Lester aligharimu mchezaji mmoja tu, Lane Thomas, ambaye hakuwa akipata nafasi St. Louis; mwaka 2023 Thomas alipiga mapigo 28 ya kuvuka ukuta akiwa Washington, wakati Lester alikuwa amekwisha kustaafu. Kanuni ninayoitumia ni hii: kwa michezo 11 ya mtu wa kuziba pengo, toa mchezaji ambaye ungekuwa tayari kumwona akistawi kwingine bila kujuta. Chipukizi wa juu kabisa mwekee mtu ambaye mkataba wake una misimu kamili mbele, kama Verlander alivyokuwa.

Hatua ya saba: amua mapema kazi yake ya Oktoba

Lynn alikuwa na wastani wa 6.47 akiwa Chicago White Sox, ila aliwatoa wapigaji 144 kwa straiki katika awamu 119 na theluthi mbili, na hilo liliwavutia Dodgers. Akiwa Los Angeles alishinda 7, akapoteza 2, na wastani ukashuka hadi 4.36. Kwa macho ya haraka, amepona. Lakini straiki zilimpungukia: wapigaji 47 tu katika awamu 64. Na ugonjwa wake wa mwaka mzima, mipira kuvuka ukuta, ulikuwa bado upo. Alimaliza msimu akiwa ameruhusu mapigo 44 ya aina hiyo, mengi kuliko mrushaji mwingine yeyote.

Warushaji kadhaa wa Dodgers walikuwa wameumia au hawapo, kwa hiyo mchezo wa tatu wa mtoano dhidi ya Arizona, Phoenix, tarehe 11 Oktoba 2023, alikabidhiwa yeye. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 12. Awamu mbili zilipita salama. Katika awamu ya tatu Geraldo Perdomo alivusha ukuta, kisha Ketel Marte, kisha Christian Walker. Gabriel Moreno akapiga mpira mrefu ulioamuliwa kwamba umetoka nje ya mstari. Akarudi kwenye sahani ya mpigaji, kisha akavusha ukuta kihalali. Mapigo manne katika awamu moja, jambo ambalo hakuna mrushaji aliyewahi kuliruhusu katika historia ya mtoano. Lynn alitolewa, na Dodgers wakaaga mashindano.

Mabadilishano yale yenyewe siyalaumu. Michezo 11 ya Agosti na Septemba ilifanya kazi iliyonunuliwa. Kosa lilikuwa kumpa mtu wa kuziba pengo kazi ya mtu wa fainali bila kumwekea mrushaji wa akiba nyuma yake. Kwa hiyo, siku ileile unayomchukua, andika masharti ya Oktoba: akutane na kila mpigaji mara moja tu, mara mbili kama straiki zake zimerudi, mrushaji wa akiba anayeweza kurusha awamu tatu aanze kupasha mkono tangu awamu ya kwanza, na mpira wa kwanza ukivuka ukuta, kocha awe amekwisha kusimama.